Mlinzi Asiye na Koti

Asubuhi ya Jumamosi, Sajini Kageha alifika kituoni akamkuta mahabusu wake amejifunika blanketi la koplo wa zamu.

"Alikuwa anatetemeka, afande," koplo alisema, kana kwamba amenaswa na kosa. "Julai hii si mchezo. Na mzee alikuja bila koti."

"Umefanya vizuri," Kageha alimwambia. Kisha akafungua mlango wa seli akaketi kwenye ukingo wa saruji, karibu na mzee Wanyoike, mlinzi wa ukumbi wa mtaa wa Ziwani.

Alikuwa amemkamata jioni iliyopita. Alimfunga pingu mbele ya mlango wa ukumbi, akamtembeza katika barabara kuu ya mtaa saa ambayo watu wanarudi kutoka kazini. Vijana waliokuwa wakicheza drafti walipiga kelele, "Karao amenasa buda!" Wengine wakacheka. Mbele ya nyumba ya mlinzi, binti yake Njoki alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Mzee aliinamisha kichwa, akapita nyumba yake kama ya mtu asiyemjua.

"Umeamkaje, mzee?"

"Nimeamka."

"Chai umepata?"

"Kijana wako amenipa. Mungu ambariki."

"Sasa niambie. Kinyago kiko wapi?"

Mzee akavuta blanketi hadi shingoni.

"Umekiuza?"

"La."

"Umekivunja?"

"Afande!" Wanyoike aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Kazi ya mikono ya mtu nitaivunjaje?"

"Basi kuna mtu amekutuma."

"Hakuna. Nilisema jana, na leo nasema. Ni mimi. Nifungeni."

"Jumatatu nitakupeleka kortini," Kageha alisema polepole, maana hakupenda kumtisha mtu mzima. "Kazi itakwisha. Na ile nyumba ni ya kazi. Njoki na watoto wake watalala wapi?"

"Hayo yote nimeyafikiria."

Alisema hivyo kwa upole, akakunja mikono juu ya blanketi. Kageha akaitazama. Chini ya kucha kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka, kama uji.

"Ulikuwa unakanda nini?"

Mzee aliingiza mikono ndani ya blanketi upesi.

"Na koti lako? Nimekuona miezi yote hii mlangoni pa ukumbi na koti lile refu la kijani, hata wakati wa jua. Liko wapi?"

Maswali ya korti na ya nyumba hayakuwa yamembadilisha mzee sura. Hili lilimbadilisha.

"Sikumbuki," alisema.

Kageha alimuaga, akaenda ukumbini.

Mwezi ule Nairobi nzima ilikuwa na maonyesho. Wageni wa mkutano mkubwa wa wanawake walikuwa wamejaa mahotelini, na kila ukumbi, kila kanisa na kila shule ilitaka kuonyesha kitu. Kuta za mjini zilijaa matangazo, moja limebandikwa juu ya jingine: ngoma huku, picha kule, mashairi mahali pengine. Ziwani nao hawakutaka kubaki nyuma. Afisa wa ustawi wa jamii, Bwana Bedan, kijana mwenye tai na bidii nyingi, alikuwa ameandaa maonyesho ya sanaa ya wakazi wenyewe, yafunguliwe Jumamosi alasiri. Kulikuwa na vyondo vya rangi ya udongo, picha zilizochorwa juu ya kadibodi, shanga, vyungu, ngoma kubwa zilizopangwa jukwaani. Katikati ya ukumbi, juu ya meza iliyotandikwa leso nyekundu, ndipo kilipokuwa kinyago cha Kisilu, mchongaji wa Ziwani: mwanamke amechuchumaa, anaokota punje za mahindi kutoka ardhini. Kilikuwa kizito, cha mti wa muhugu.

Sasa ilibaki leso, na kadi ndogo iliyolazwa kifudifudi.

"Mgeni rasmi anafika saa tisa, afande," Bedan alisema huku akimfuata nyuma. "Kile ndicho kitu chenyewe. Bila kile, tuna vikapu tu."

"Vikapu vina ubaya gani?" Kageha aliuliza. Alikuwa ameinama akichungulia kitasa. Hakikuvunjwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Kipaza sauti kilichoazimwa kanisani kilikuwa palepale, na kamera ya Bedan ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari.

"Mwizi gani huyu," alisema, "anaacha kamera na kubeba gogo?"

"Mimi nitakwambia. Alhamisi alikuja mfanyabiashara wa vinyago kutoka mjini. Alikizunguka kile kitu kama anakipima. Nadhani alimpa yule mzee kitu kidogo."

Kageha hakupuuza neno la mtu. Alitumia simu ya ofisi ya Bedan akampata mfanyabiashara yule dukani kwake. Alipomwambia shida yake, kicheko kikasikika hadi kwa Bedan.

"Mama afande, mimi nauza twiga! Twiga, kiboko na mzee wa mkuki. Nani kutoka Ulaya atanunua mwanamke anayeokota mahindi chini? Nilikizunguka kwa sababu kazi ni nzuri. Mchongaji huyo anajua mikono ya mtu inavyokaa. Lakini biashara? Hapana. Mwambie pole."

Kageha aliweka simu chini. "Anasema pole," alimwambia Bedan. "Kisilu mwenyewe yuko wapi?"

"Amekaa nyuma ya ukumbi tangu jana. Hataki kula wala kuongea na mtu."

"Nitaongea naye baadaye."

Hapo alikosea, na mchana ule ule angejua kwamba alikosea. Lakini saa ile macho yake yalikuwa kwenye bunda la matangazo juu ya meza ya Bedan. Alichukua moja. Lilikuwa limechapwa kwa mashine ya stenseli, wino umesambaa kidogo. Juu, tarehe na mahali. Katikati, mchoro wa uso wa mwanamke wa kinyago, kitambaa kimefungwa kichwani, kichwa kimeinama upande. Chini yake, kwa herufi kubwa: SURA YA UMASKINI.

"Mlibandika kwa gundi gani?"

"Uji wa unga wa ngano. Gundi ya duka ni ghali."

"Mzee Wanyoike aliwasaidia?"

"Yeye? Hapana. Vijana wa klabu ndio waliobandika."

Kageha alikumbuka zile kucha.

Alitoka akatembea. Kwenye ukuta wa nje wa ukumbi tangazo lilikuwepo. Upande wa Eastleigh alikuta manne, yamekaa sawa. Njia ya Starehe, yapo. Lakini alipoingia ndani ya mtaa, kwenye njia ya mabomba ya maji, hakuona hata moja, ingawa alama nyeupe za mraba zilionekana ukutani. Alizigusa. Watoto wakichana tangazo huacha vipande, tena huchana pale mkono unapofika. Hizi zilikuwa safi. Mtu alikuja na maji na kitambaa, akalilowesha kila tangazo na kulibandua taratibu kama anayeondoa bendeji kwa mgonjwa.

Alizifuata alama. Zilianzia kwenye safu ya mwisho ya nyumba, zikapita bombani, zikapita vibanda vya mboga, zikaishia kwenye geti la kanisa. Njia nyingine zote za mtaa zilikuwa na matangazo yake. Ilikuwa njia ya mtu mmoja.

Alirudi kwenye kibanda cha mlinzi kando ya ukumbi, akatazama tena yale aliyoyatazama jana kwa haraka: kiti, rungu, jiko dogo, na kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kimefunikwa kwa kisahani. Jana alikuwa amekiona kikombe. Leo aliona kwamba mtu alikifunika ili chai isipoe. Akakichukua.

Kwenye vibanda vya mboga alikuwepo Warigia, muuza sukuma wiki, ambaye mtaa mzima uliogopa ulimi wake.

"Mama Warigia, hiki kikombe ni cha nani?"

"Nikikwambia, nacho utakifunga pingu?" Warigia hakuacha kukatakata mboga. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua waliangalia chini. "Hebu nikuulize, afande wangu. Yule mzee jana. Uliogopa atakimbia? Na magoti yale?"

Kageha alihisi masikio yakimwaka. "Nilifuata sheria, mama."

"Sheria ina barabara moja tu? Hukuona ile ya nyuma? Ile ya kuta, haina watu." Warigia alifunga mboga za mteja kwenye gazeti, akaongeza majani mawili ya bure. "Kikombe ni cha Mama Syombua. Nyumba ya mwisho pale. Humpelekea mzee chai kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nauza sukuma."

Mama Syombua alikuwa anapiga pasi vitambaa vya kichwa vya kijani, vya kikundi cha kina mama wa kanisa. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mkamba, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kwenye kiti palikuwa na chupa ya chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwa kitambaa safi.

"Karibu, afande. Nilikuwa nataka kuja kwako kituoni nimletee Baba Njoki chakula. Keti kwanza. Kunywa chai." Akammiminia kabla hajajibu.

"Umemzoea sana Mzee Wanyoike."

"Ni jirani."

"Majirani ni wengi."

"Ndiyo," Mama Syombua alisema. "Ni wengi." Akaweka kitambaa kingine, akachukua pasi ya makaa. "Leo tunaimba pale ukumbini. Mimi ndiye ninayetangulia kuingia, wengine wananifuata. Sijui kama nitaweza kuimba na yeye yuko ndani. Nimeambiwa ameiba, lakini hata aliyeniambia hakuamini."

"Umewahi kukiona hicho kinyago?"

"Bado. Tulisema tutaviona vyote leo."

"Tangazo lake je?"

"Tangazo gani? Mimi sijaona tangazo. Tuliambiwa tu kanisani."

Kageha alifanya kile ambacho mpelelezi yeyote angefanya. Alifungua mkoba, akakunjua tangazo, akaliweka mezani kando ya pasi.

Mama Syombua alifuta mikono kwenye leso yake kabla ya kulishika. Akalitazama. Akainamisha kichwa upande ili aone vizuri zaidi, na hapo Kageha akaona uso ule ule mara mbili, mmoja wa wino na mmoja wa nyama, zote mbili zimeinama sawasawa.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani. Kageha ndiye aliyeiinua pasi.

"Nani ameliona hili?" Mama Syombua aliuliza.

Kageha alikumbuka matangazo yale. Yalibandikwa hadi Eastleigh.

"Hapa wameandika umaskini," mama alisema. Alikuwa anasoma neno moja kwa kidole. "Sura ya umaskini. Sura ni yangu."

Sasa vipande vyote vilikuwa mezani mbele ya Kageha, na alitamani asingevipanga. Njia iliyosafishwa ilianzia kwenye mlango huu ikaishia kanisani. Mzee alibandua matangazo ili mwanamke mmoja asiyaone. Kisha alikumbuka kwamba Jumamosi mwanamke huyo angetangulia kuingia ukumbini, mbele ya kina mama wote, akutane na uso wake juu ya meza. Ndiyo maana kinyago kikatoweka. Ndiyo maana mzee hakusema kitu, kwa sababu neno lolote kortini lingemtaja. Alikubali kufungwa ili jambo moja lisitokee, na jambo hilo Kageha alikuwa amelileta mwenyewe ndani ya mkoba, akaliweka mezani, akinywa chai ya mwenye nyumba.

"Mama Syombua," alisema, "yeye alitaka usilione. Mimi ndiye niliyekuonyesha. Nisamehe."

Mwanamke aliketi juu ya kitanda.

"Ni mwaka jana," alisema mwishowe. "Mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi, na mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi, nikijifanya kwamba kwetu mambo ni sawa. Lori lilipasua gunia mbele ya ghala kule karibu na reli. Niliamka alfajiri nikaenda kufagia punje kutoka kwenye mchanga. Kwa mikono. Mlinzi wa ghala alikuwa Baba Njoki. Walikuwa wamemwamuru afukuze watu. Aliniona, nikamwona."

"Akafanya nini?"

"Aligeuka akaangalia ukuta. Alisimama hivyo, mgongo wake kwangu, mpaka nikamaliza. Baadaye nikasikia wamemfukuza kazi, eti analala. Hakulala. Aliangalia ukuta." Alikunja tangazo dogo, dogo zaidi. "Nilifikiri ni yeye tu anayejua. Hatujawahi kulitaja. Mimi humpelekea chai, yeye husema asante."

"Na Kisilu?"

"Wakati ule mke wake alikuwa amelazwa. Watoto wake walikula kwangu mahindi yale yale. Labda alipita akaniona. Sijui." Akajifunika uso kwa leso. "Afande, mtoe yule mzee kwanza. Haya mengine ni yangu."

"Nitamtoa. Lakini lazima nikipate kinyago." Kageha alisimama. "Na nafikiri najua kilipo. Korti na nyumba havikumshtua mzee; koti lilimshtua. Mlinzi hawezi kupoteza koti Julai. Amefunika kitu kwalo. Na jana nilipomkamata mlangoni, hakuwa nalo mwilini wala kibandani. Hakupata nafasi ya kulipeleka mbali."

"Basi?"

"Basi kinyago hakijatoka ukumbini."

Mama Syombua alijifunga kitambaa kichwani, kile kilichoungua, akiuficha upande ulioungua kwa ndani. "Twende wote," alisema. "Nikikiona mbele za watu nitaanguka. Heri nikione sasa."

Waliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Kisilu alikuwa amekaa pale nje juu ya ndoo, mtu mkubwa wa mabega, na alipomwona Mama Syombua alisimama kisha akakaa tena. Wakamwacha. Bedan alifunga mlango wa mbele kwa komeo.

Ngazi ya kupandia jukwaani ilikuwa kama sanduku la mbao, na benchi mbili zilisukumwa zikaiegemea. Jana Kageha alitafuta stoo, choo na juu ya dari. Benchi hakuzisogeza. Leo alipozisogeza, harufu tamu ya muhugu ikamjia puani. Ubao wa nyuma wa ngazi haukuwa na misumari. Alipiga magoti, akaingiza mikono, akagusa kitambaa kizito cha sufu.

Koti la kijani lilikuwa limefungwa vizuri, mikono imezungushwa mbele na kufungwa fundo, jinsi mtu anavyomfunika mtoto anayelala. Kageha hakulifungua. Alilivuta hadi kwenye mwanga akaliacha.

"Kaeni hapa," alisema. "Bwana Bedan, usimfungulie mtu."

Kituoni, koplo aliuliza aandike nini.

"Andika kitu hakikuibwa. Kiliwekwa chini ya ngazi ya ukumbi na mlinzi wa ukumbi, na kimepatikana. Mlinzi kuweka kitu mahali salama si kosa."

"Na mengine, afande?"

"Hakuna mengine."

Koplo alikuwa kijana mwema, hakuuliza tena. Alimkatalia mzee kurudisha blanketi mpaka afike mlangoni.

Kageha alimrudisha Wanyoike kwa barabara ile ile ya jana. Mzee alipogeukia ile ya nyuma, alimshika kiwiko taratibu. "Hapana, mzee. Tupite hapa." Walitembea kwa mwendo wa magoti ya Wanyoike. Mbele ya wacheza drafti Kageha alisimama, akavua kofia.

"Mlimwona huyu mzee jana na pingu," alisema. "Nilikosea. Hakuiba kitu."

Vijana walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mathe. Pole, buda." Mzee alimpungia mkono, akaharakisha hatua kwa aibu, maana kuombwa radhi hadharani kulimlemea karibu sawa na pingu. Mlangoni kwao Njoki alikuja mbio akamshika baba yake bega. Hakumwangalia Kageha hata mara moja, na Kageha aliona kwamba hiyo ni haki yake.

"Amejua?" Wanyoike aliuliza walipokaribia ukumbi. Hakutaja jina.

"Amejua. Ni mimi nilimwonyesha, bila kujua."

Mzee alitembea hatua kadhaa. "Ulikuwa kazini," alisema. Hapakuwa na lawama ndani yake, na lawama ingekuwa rahisi zaidi kubeba.

Ndani, Mama Syombua alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya lile furushi la kijani, bado limefungwa. Kisilu alikuwa ameingia, amesimama mbali.

"Mbona hukuniomba?" mama alikuwa anamuuliza. "Wenzako wote wanachonga twiga. Hamchongi jirani."

"Wenzangu waliniambia. Uso wa mtu huombwa kwanza." Kisilu alikuwa anaongea na sakafu. "Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Wanangu walikula, Mama Syombua. Nilikuona alfajiri ile nikienda hospitali kumwona mke wangu, halafu jioni nikawakuta wanangu wameshiba. Sijui kusema mambo. Najua kuchonga tu. Mimi nilikiita Jirani. Bwana Bedan akasema jina hilo halina nguvu, wageni hawatalielewa."

Bedan aliishika tai yake. "Nilifikiri…" alianza.

Hapo Wanyoike aliingia. Alimwona mama, akaona furushi miguuni pake, na papo hapo akageuka akatazama ukuta.

Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mtu alikuwa anajaribu ngoma.

"Baba Njoki," Mama Syombua aliita. "Una baridi."

"Mimi niko sawa."

"Huko sawa. Njoo uchukue koti lako."

"Nikilichukua…" mzee aliuambia ukuta.

"Najua."

Mama alifungua fundo la mikono ya koti yeye mwenyewe. Koti likaanguka pande zote mbili. Mwanamke wa muhugu alikuwa amechuchumaa pale sakafuni, kichwa kimeinama upande, viganja vimekusanya punje kama maji. Mama Syombua alimtazama usoni, akayaondoa macho, akamtazama tena. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha alilikung'uta koti vumbi, akaenda ukutani akamvisha mzee mabegani, akamgeuza kwa mikono yake.

"Sasa tazama," alisema. "Ulilipia."

Kageha alichukua ile kadi iliyolazwa kifudifudi mezani. SURA YA UMASKINI. Akaitia mfukoni.

"Afande, hiyo ni ya maonyesho," Bedan alisema.

"Ni kielelezo."

"Kielelezo cha kesi gani? Si umesema hakuna kesi?"

"Cha kesi niliyoifunga. Andika nyingine. Muulize Kisilu jina."

Kisilu na Bedan waliinua kinyago wakasimama nacho, hawajui wakiweke mezani au wakirudishe gizani. Wote walimtazama Mama Syombua. Yeye alitazama mlango.

"Kiwekeni," alisema. Sauti haikuwa ya ushujaa. Ilikuwa ya mtu anayemeza dawa. "Nikisema kifichwe, nani atafungwa tena kwa ajili yake?"

Bedan alitoa komeo. Aliyeingia wa kwanza alikuwa Warigia, kikapu kwapani, na nyuma yake kina mama wa kijani. Warigia alikwenda moja kwa moja hadi mezani. Alikitazama kinyago. Akamtazama Mama Syombua, aliyekuwa amesimama kando yake na macho chini, shingo imemwiva kwa aibu. Kina mama wote wakangoja ulimi ule.

"Kisilu!" Warigia alisema. "Kwa nini huyu peke yake? Mimi nilikuja nyuma yake na sufuria. Mbona mimi hukunichonga?"

Mama Syombua aliinua macho.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya lori, nimejificha, nangoja wewe utoke. Nilifikiri nitakufa ukiniona." Warigia alimgeukia Wanyoike. "Na huyu mzee na ukuta wake! Nilifagia mpaka jua likatoka, shingo yake haikugeuka. Nikasema labda ni kiziwi."

Mwanamke mmoja kati ya wale wa kijani alianza kulia bila sauti. Mwingine akamshika mkono, naye pia alikuwa anatazama sakafu, na ikawa wazi kwamba sufuria asubuhi ile hazikuwa mbili tu.

Sajini Kageha alikuwa amesimama kando ya jukwaa. Kwa mazoea ya kazi alikuwa anatazama nyuso moja moja, akihesabu ni nani amejishika mdomo, ni nani amefumba macho, ni nani anatetemeka. Hakuna aliyemwomba aache.

Akageuka akaangalia ukuta.